Mshahara Mmoja, Mali Mbalimbali: Barua kutoka Chicago



Mtoto anayezaliwa Streeterville, kitongoji cha maghorofa kando ya Ziwa Michigan, anatarajiwa kuishi karibu miaka 90. Anayezaliwa Englewood, upande wa kusini wa mji huohuo wa Chicago, anatarajiwa kuishi karibu 60. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, na kati ya miji 500 mikubwa ya Marekani waliyoipima, hakuna uliokutwa na pengo kubwa zaidi. Mwendo kati ya vitongoji hivyo viwili ni kilomita 15 hivi.

Anayeitazama Marekani kutoka mbali huhesabu mishahara, na mishahara kweli hutofautiana: kipato cha kaya nyeusi ya kawaida ni karibu theluthi mbili ya kile cha kaya nyeupe. Lakini kipato ni kile kinachoingia mwezi huu. Mali ni nyumba, hisa, akiba ya uzeeni na urithi, ukiondoa madeni, na huko ndiko pengo lilikojificha. Kwa uchunguzi wa benki kuu ya Marekani wa mwaka 2022, familia nyeupe ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000. Nyeusi ilikuwa na dola 45,000 hivi, chini ya sehemu moja ya sita. Watu wawili wanaweza kufanya kazi meza moja, kwa mshahara uleule, mmoja akiwa amerithi nyumba na mwingine akilipa pango na deni la chuo.

Tofauti hiyo ilitengenezwa kwa sheria na kwa karatasi. Kati ya 1916 na 1970 watu weusi wapatao milioni 6 waliyahama majimbo ya kusini, na baadhi yao walifika Chicago kufuata kazi za machinjio, chuma na reli. Kazi walipata, taabu ilikuwa kununua nyumba. Katika miaka ya 1930 serikali ya Franklin Roosevelt iliunda mashirika ya kuokoa na kudhamini mikopo ya nyumba. Ramani za miji zikapakwa rangi: kijani kwa mitaa iliyosifiwa, nyekundu kwa iliyoitwa hatari, na mtaa wenye watu weusi kwa kawaida haukuikwepa nyekundu. Pasipo dhamana ya serikali benki hazikukopesha, na mnunuzi akabaki mikononi mwa walanguzi.

Mlanguzi alimtisha mwenye nyumba mzungu kwamba weusi wanakuja, akainunua nyumba kwa bei ya chini, kisha akaiuza kwa familia nyeusi kwa karibu mara mbili, kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi. Hati ilibaki kwake hadi senti ya mwisho. Mwezi mmoja ukipita bila malipo, familia iliweza kutolewa nje na kupoteza yote iliyokwisha kulipa, na nyumba ileile ikauzwa kwa mwingine. (Aliyewahi kuuziwa kiwanja chenye wamiliki watatu hatashangaa sana.) Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walikadiria kwamba katika miaka ya 1950 na 1960 mikataba hiyo ilizipokonya familia nyeusi za Chicago kati ya dola bilioni 3 na 4. Mwaka 1968 wanunuzi wa mtaa wa Lawndale, Chicago, waliungana kuidai haki yao, na mwaka huohuo Bunge likapiga marufuku ubaguzi katika uuzaji wa nyumba. Marufuku hayo hayakurudisha kilichokwisha kwenda. Askari mzungu aliyerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na kukopeshwa chini ya sheria ya 1944 ya kuwasaidia askari alikuwa tayari na nyumba iliyopanda thamani, iliyomsomesha mwanawe, na ambayo mjukuu angeirithi.

Rangi, hata hivyo, haielezi yote. Tangu miaka ya 1970 pengo limepanuka hata kati ya wazungu wenyewe. Machinjio makubwa ya Chicago yalifungwa 1971, na kiwanda cha chuma cha South Works mwaka 1992. Vyama vya wafanyakazi, vilivyokuwa na karibu theluthi ya wafanyakazi wa Marekani katikati ya miaka ya 1950, leo vina mmoja kati ya kumi. Waajiri walijifunza mengi mwaka 1981, Rais Reagan alipowafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 91 katika miaka ya 1950 hadi 28 mwaka 1988, na sasa ni 37. Faida ya hisa zilizokaa zaidi ya mwaka hutozwa chini ya hapo. Kima cha chini cha mshahara cha taifa kimesimama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Illinois imefika dola 15, lakini ukivuka mpaka kuingia Indiana, safari fupi ya gari kutoka kusini mwa Chicago, unarudi kwenye 7.25.

Matokeo yake huonekana kwanza shuleni, kwa kuwa shule za umma hutegemea sana kodi ya majengo ya eneo lenyewe. Mtaa wa nyumba ghali hupata walimu na maabara. Mtaa wa nyumba za bei ya chini hupata kilichobaki. Wazazi wa San Antonio, Texas, akiwemo Demetrio Rodriguez, walilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 1973 wakashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kura tano dhidi ya nne. Illinois ilirekebisha mgao wake wa fedha za shule mwaka 2017. Miaka minne kabla, Chicago ilikuwa imefunga shule karibu 50, nyingi katika mitaa ya weusi.

Ngazi ya kupanda nayo imelegea. Kati ya Wamarekani waliozaliwa 1940, karibu asilimia 90 walipata kipato kikubwa kuliko cha wazazi wao; kwa waliozaliwa miaka ya 1980 ni nusu tu. Wanauchumi Anne Case na Angus Deaton wameonyesha jinsi wazungu wa makamo wasio na shahada walivyozidi kufa kwa dawa za kulevya, pombe na kujiua. Bima ya afya, kwa wengi, hufuata ajira, hivyo anayepoteza kazi hupoteza na daktari.

Ndani ya mpangilio huu ndimo anamoingia mzungumzaji wa Kiswahili: Mkongomani aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Mkenya aliyeletwa na masomo, Mtanzania aliyeshinda bahati nasibu ya viza. Hubeba boksi ghalani au hutunza wazee usiku. Mshahara wake ukigeuzwa shilingi hutisha. Ukitolewa pango, gari na bima, hubaki kidogo, na hicho hutumwa. Mwaka 2024 Kenya ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walio nje, takriban nusu ikitoka Marekani.

Fedha hizo hulipa karo na hospitali, kazi ambayo hakuna aifanyaye badala yake. Pia hununua viwanja. Anayetuma mara nyingi hana mali Chicago, mali yake iko Kitengela karibu na Nairobi, au Kigamboni, Dar es Salaam, na muuza kiwanja anajua hivyo anapopanga bei. Mwalimu wa shule ya msingi, asiye na ndugu ughaibuni, hutajiwa bei hiyohiyo.

Wenu,
wa ughaibuni