Tuuingie Msitu kwa Miguu Yetu

Ndugu zangu wa Takaungu, pamoja na jirani zetu wa Kilifi na Malindi, kila wiki wengi wetu tunaupita msitu wa Arabuko-Sokoke tukiwa ndani ya matatu. Tukishavuka daraja la Kilifi na kuziacha Tezo na Matsangoni, msitu unakuwa mkono wa kushoto, na kulia, nyuma ya vijiji, iko mikoko ya hori la Mida. Tunashuka Malindi, tunamaliza shughuli zetu, tunarudi. Wanaoteremka Gede na kuingia msituni na darubini shingoni, mara nyingi ni wageni waliovuka bahari. Basi msimu huu nasi tushuke.

Wanachokifuata wageni hao ni chetu. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika mwambao wa Afrika Mashariki. Kwenye mchanga mweupe imesimama mirihi, mirefu, imeachiana nafasi. Udongo ukigeuka mwekundu, njia inabanwa na miti mifupi iliyosongamana, na humo ndimo anamolala mchana yule bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1965. Ukisikia majani makavu yakichakurwa, simama kimya. Huenda ni sange, pua ndefu, makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye nje ya pwani yetu ya kaskazini hapatikani. Mvua ikijaza madimbwi, tazama matawi yaliyoinamia maji: utaona povu jeupe limening'inia. Ni kiota cha vyura. Mayai yamo ndani, na viluwiluwi wakiwa tayari hudondoka majini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la msitu ni macho ya wenyewe. Msitu huu ni hifadhi ya serikali tangu zama za ukoloni, lakini tangazo la serikali halikuzuia msumeno. Mihuhu imekatwa ikawa vinyago, mibambakofi ikawa milango na samani, na mitego ya waya bado hutegewa paa. Mkataji na mtegaji hupenda njia isiyopita mtu. Njia inayopitwa na wanafunzi, akina mama na wazee haimfai.

Tena sehemu ya pesa unazolipa inabaki kwetu. Anayekuongoza ni mwenyeji wa vijiji vya huko huko. Kule Mida, pesa za kupita kwenye daraja la kamba na mbao lililotundikwa kati ya mikoko husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu, kupitia mpango wa shirika la A Rocha Kenya.

Asiye na nauli aanzie nyumbani. Hori letu la Takaungu lina mikoko yake. Maji yakitoka, mzee aliyewahi kukata boriti au kuvua kaa na awachukue watoto, awaonyeshe mkoko wenye mizizi ya kupinda, mchu uliochomoza mizizi yake juu ya tope kama penseli, na msinzi ulionyooka. Awaambie pia kwamba mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, haikatwi bila kibali.

Mkienda Arabuko, msiingie peke yenu, kwani humo mna ndovu. Pitieni ofisi ya msitu Gede mchukue kiongozi. Fikeni asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, kila mtu na maji yake, viatu vya kufunika na suruali ndefu kwa ajili ya siafu, na mfuko wa kurudishia takataka.

Walimu wa shule na wa madrasa, tengeni Jumamosi moja kabla muhula haujaisha. Vyama vya akina mama, changeni nauli kama mnavyochanga kwa harusi. Waheshimiwa wa wadi, fuataneni na watu wenu mkatembee, msingoje siku ya kupanda miti mbele ya kamera. Halafu siku likiitishwa baraza la kutoa maoni kuhusu msitu huu, tusimame tukiwa watu tunaozijua njia zake na kuitaja miti yake kwa majina.