Kwa nini basi la watalii linazunguka ziwa Kivu bila kuvuka kwetu

Mtu akisimama pembeni ya ziwa pale Bukavu, anaona vizuri vilima vya Rusizi kule ng'ambo. Barabara ya lami inapita kule, inaenda hadi Karongi, kisha inatokea Rubavu, mlango wa Goma. Wakati hali ni tulivu, magari ya watalii yanapita njia hiyo: watu kumi ao ishirini, gide mmoja, shoferi mmoja, na kila usiku wanalala hoteli ingine. Ziwa ni lile lile. Sambaza wanavuliwa pande zote mbili. Lakini basi haivuki mpaka.

Swali la basi hiyo linagusa pia watu ambao hawatapanda gari ya watalii hata siku moja: mama anayeuza ndizi Kavumu, kijana aliyesomea utalii na sasa anaendesha pikipiki, mchonga vinyago, mwenye mtumbwi wa Idjwi. Kwa hiyo inafaa kuangalia kwa utaratibu ni nini kinazuia.

Safari ya kundi inauzwa namna gani

Mzunguko unaojulikana sana Rwanda unaanzia Kigali, unapitia Musanze chini ya volkano, unashuka Rubavu, unafuata ziwa hadi Karongi, unaingia msitu wa Nyungwe, halafu unarudi Kigali kupitia Huye na Nyanza. Kwa siku tano ao sita hivi, msafiri ameona gorila, ziwa, mashamba ya chai, daraja la kutembea juu ya miti kule Nyungwe, jumba la makumbusho la Huye na makao ya mfalme ya Nyanza. Wengi wanasimama pia kwenye kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya 1994. Mwezi wa Septemba 2023, UNESCO iliingiza Nyungwe na sehemu nne za kumbukumbu hizo (Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero) kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Safari kama hiyo inauzwa yote pamoja, miezi mingi mbele. Mteja analipa hoteli, chakula, gari, gide na vibali kabla hajapanda ndege. Njo maana kampuni inaogopa kitu kimoja kuliko vyote: njia ikatike katikati. Gari likikwama siku ya pili, hoteli ya siku ya tatu imepotea, kibali cha siku ya ine kimepotea, na watu ishirini wanadai pesa yao. Mtu anayesafiri peke yake anaweza kugeuza njia. Kundi haliwezi.

Kwetu kuna nini

Vitu vya kuonyesha havikosekani. Kongo ina maeneo matano kwenye orodha ya urithi wa dunia, na manne kati yake yako upande huu wa inchi: Virunga, Kahuzi-Biega, Garamba na hifadhi ya Okapi. Virunga iliundwa 1925, mbele ya mbuga zingine zote za Afrika ambazo zilipewa jina la mbuga ya taifa. Kahuzi-Biega iliundwa 1970, na tangu miaka ile ya mwanzo watu walianza kuzoeza gorila wa tambarare kuonana na wageni.

Mutu akichora safari ya siku tano kwenye karatasi, haimuchukui muda. Siku ya kwanza Goma: mawe ya lava ya Januari 2002 na ya Mei 2021, na Nyiragongo yenyewe juu. Siku ya pili mashua hadi Idjwi. Siku ya tatu Bukavu, na majumba yake ya zamani yaliyojengwa kwenye rasi zinazoingia ziwani. Siku ya ine Tshivanga kuona gorila, kisha Lwiro, kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji, ambacho leo kina nafasi ya kulea sokwe na nyani waliookolewa. Siku ya tano kushuka Kamanyola, kule vita ya 1964 iliacha jina ambalo baadaye lilipewa kikosi kizima cha jeshi la Mobutu, halafu bonde la Ruzizi hadi Uvira na ziwa Tanganyika.

Kwenye karatasi, safari hii haina aibu mbele ya ile ya jirani. Shida inaanza kwenye barabara.

Bei si shida

Wengi wanafikiri watalii wanakimbia Kongo sababu ni gali. Hesabu inaonyesha kinyume. Rwanda ilipandisha kibali cha gorila kutoka dola 750 hadi 1.500 mwaka wa 2017. Uganda inaomba dola 800 tangu 2024. Kwetu, Virunga na Kahuzi-Biega, kibali kilikuwa dola 400 kabla ya vita kuchacha tena.

Tuchukue kundi la watu 24. Kwa kawaida watu wanane tu wanaruhusiwa kuona familia moja ya gorila kwa siku, kwa hiyo kundi hilo linagawanyika mara tatu. Rwanda litalipa dola 36.000 kwa vibali peke yake. Uganda 19.200. Kwetu 9.600. Na bado makampuni yanapeleka watu kule kwenye 36.000. Mteja anakubali kuongeza pesa ili awe na hakika kwamba Jumatano atafika kule alikoahidiwa, na Ijumaa atarudi.

Hakika hiyo njo tumekosa. Virunga ilifunga utalii 2012 wakati wa vita ya kwanza ya M23, ikafungua 2014. Mei 2018 watalii wawili Waingereza na shoferi wao walitekwa nyara, mlinzi mmoja wa kike akauawa. Mbuga ikafunga hadi 2019. Mwaka uliofuata ikaja korona. Mei 2021 volkano ikalipuka. Kisha M23 ikarudi, na mwisho wa Januari 2025 ikachukua Goma, katikati ya Februari ikachukua Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba jeshi la Rwanda linasaidia M23, Kigali inakana. Hata ng'ambo hawakupona kabisa: siku zile za vita ya Goma, masasi na mabomu yalifika Rubavu na kuua watu.

Katikati ya haya yote, walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekufa kazini kwa miaka iliyopita. Wao njo wamelipa bei ya kweli ya mbuga hiyo.

Barabara na mabariere

Tuweke vita pembeni kidogo. Hata miaka ambayo bunduki zilinyamaza, basi ya watu 24 ingepita wapi? Kati ya Goma na Bukavu kuna kilometa karibu 200 kwa kupitia Sake, Minova, Kalehe na Kavumu. Mvua ikinyesha, matope na maporomoko vinakata njia, na gari inaweza kulala pale. Kwa miaka mingi, Wakongo wenyewe wenye haraka walikuwa wanavuka Rusizi, wanapita lami ya Rwanda, wanatokea Rubavu na kuingia Goma. Wengine walichukua mashua. Chini kule, kati ya Bukavu na Uvira, magari mengi yalikimbia milima ya Ngomo kwa kupitia Bugarama, tena ndani ya Rwanda. Kama mkaaji wa Bukavu anapita inchi ingine ili afike mji mwingine wa inchi yake, mtalii atafanya nini?

Halafu kuna mabariere. Mwaka wa 2017, shirika la utafiti IPIS la Ubelgiji lilihesabu vizuizi 798 kwenye barabara za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini pamoja. Vingine vilikuwa vya askari, vingine vya vikundi vyenye silaha, vingine vya watumishi wa serikali. Mwenye kubeba makaa anavijua kila siku. Kwa kampuni ya safari, kila kizuizi ni nusu saa isiyoandikwa kwenye programu na pesa isiyokuwa na risiti. Mwenye hesabu kule Nairobi ao Bruxelles hawezi kuandika kitu kama hicho kwenye kitabu chake.

Viza moja, inchi tatu

Tangu 2014, Kenya, Uganda na Rwanda wanatoa viza moja ya utalii kwa dola 100. Inadumu siku 90, na mwenye nayo anaingia inchi zote tatu. Basi inaweza kutoka Nairobi, kuzunguka Uganda, kufika Kigali, na abiria hawasimami kutafuta viza ingine.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Wengi walitumaini mambo kama haya yatafuata haraka. Lakini viza ile haihusu Kongo. Kundi likitaka kuvuka Goma ao Bukavu kwa siku mbili tu, kila mtu anaanza tena: maombi, malipo, kungoja. Hapo kampuni inafuta Kongo kwenye programu, hata kabla ya kuzungumza usalama. Jambo hili halihitaji lami wala jeshi, linahitaji mkutano na sahihi. Siku amani itakuja, lingeweza kuwa la kwanza kupatikana.

Na pesa, nani ataipata?

Kuna swali lingine ambalo halifai kungoja amani. Tuseme mabasi yanafika. Nani atakula?

Rwanda inasema asilimia 10 ya mapato ya mbuga inarudi kwa raia wanaoishi karibu nazo. Mbele ya 2017 ilikuwa asilimia 5. Mtu anaweza kubishana kama inatosha. Lakini kiwango kinajulikana, na raia anaweza kukidai.

Kwetu historia ni chungu. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoundwa na kupanuliwa katika miaka ya 1970, Batwa waliondolewa kwenye msitu wa mababu zao bila kulipwa. Mwaka wa 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake: serikali ya Kongo ilivunja haki zao, na inapaswa kuwarudishia ardhi, kulipa fidia na kuomba msamaha hadharani. Safari itakayopeleka wageni kutazama gorila na kupita mbele ya kambi za Batwa wasiokuwa na shamba, haitadumu. Wageni wa leo wanasoma na wanauliza, na wenyeji wenye hasira hawalindi msitu.

Kinachoweza kufanyika mbele ya amani

Hakuna atakayemwambia msomaji apakie familia ndani ya gari kesho na kwenda Tshivanga. Kwa sasa barabara si salama, na kudanganya juu ya hilo ni kuua watu.

Lakini kazi fulani haihitaji barabara. Wazee wanaojua majina ya vilima, habari za wami na za misafara ya zamani bado wako. Shule na maradio zinaweza kurekodi sauti zao sasa. Majumba ya zamani ya Bukavu yanabomolewa ili kujenga maghorofa bila hata kupigwa picha. Kijana aliyesoma utalii anaweza kuanzia na kundi la wanafunzi kumi, kwa miguu, ndani ya mtaa wake. Na wajumbe wa majimbo na wale wa Kinshasa wanaweza kuulizwa swali lile la viza kila wakiomba kura.

Kule ng'ambo pia hawakuanza na mabasi. Mwaka wa 1994 hakuna mtu aliyekuwa anauza safari ya kupitia Karongi. Barabara, hoteli na magide vilikuja kimoja kimoja, kwa miaka mingi. Kwetu vita inaweza kufunga njia, lakini mzee akifariki bila kurekodiwa, ao nyumba ya zamani ikibomolewa, hata amani haitaturudishia. Siku kampuni ya kwanza itapiga simu kuuliza kama siku ya tatu ya safari inawezekana, itafaa awepo mtu wa hapa wa kuijibu.