Kivuli cha Mwarobaini



Wako watu wapandao mimea kwa uzuri wa majani yake. Huko Ulaya na Marekani, wenye bustani za kivulini huupenda mmea uitwao hosta, ambao asili yake ni Japani, Uchina na Korea. Aina zake ndogo kabisa hutosha ndani ya bakuli. Kwetu Madogo mmea huo hausitawi, kwa kuwa huhitaji majira ya baridi ili ulale, kisha uchipue upya.

Hata hivyo, kivuli tunacho. Chini ya mwarobaini wa uani, tunapotandika mkeka alasiri, pana nafasi ya nanaa ya chai na kotmiri ya mchuzi. Mimea hii huunguzwa na jua letu la mchana, lakini hustahimili kivuli chepesi. Tuiweke upande wa mashariki wa mti, ipate jua la asubuhi peke yake.

Tuipande katika sufuria kuukuu au ndoo iliyotobolewa chini, kwa udongo wa mtoni uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Ardhini, mizizi ya mwarobaini huinyang'anya maji. Tena tumeyaona mafuriko ya mwaka 2024, Mto Tana ulipoikata njia ya kwenda Garissa. Maji yapandapo, watu ndio kwanza. Lakini chombo kidogo huinulika, na kijiti kimoja cha nanaa kikisalimika, bustani huanza tena.

Wakati wa kiangazi shida ni kinyume chake. Kila dumu la maji limechosha mgongo wa mama au binti. Basi tusiwaongezee mzigo kwa ajili ya bustani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Tutawadhie juu ya beseni, na maji yale tuyamwagie mimea baada ya Alfajiri au Magharibi, kisha tufunike udongo kwa majani makavu ili unyevu usipotee.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba Muislamu akipanda mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Jirani akibisha hodi kuomba majani ya kotmiri, tumchumie kwa furaha.

Wabillahi tawfiq.