Pimeni stashahada ya ng'ambo kabla ya kuuza shamba

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, nguzo za stima na kuta za miji yetu hujaa mabango ya mawakala wanaoahidi masomo Kanada. Mojawapo ya kozi wanazozinadi ni stashahada ya fundi sanifu wa uhandisi wa tarakilishi, ambayo husomwa kwa miaka miwili. Anayelengwa ni yule mtahiniwa aliyepata C au C-, akakosa C+ inayohitajika kujiunga na chuo kikuu hapa nchini, na ambaye wazazi wake wangali wanatamani kumwita injinia.

Kozi yenyewe si ya kubezwa. Mwanafunzi hufundishwa kusoma na kuunda saketi, kuandika programu za kuendesha mitambo midogo, kuunganisha mitandao na kutunza seva, na kutafuta hitilafu pale mashine inapokataa kuwaka. Vyuo vingi vya mkoa wa Ontario vina maabara ambazo wakufunzi wetu wangezionea wivu, na baadhi huwapeleka wanafunzi viwandani kupata tajriba kabla ya kuhitimu.

Hata hivyo, tuambiane ukweli. Mzazi anayeuza ekari mbili ili kumpeleka mwanawe Kanada hauzi kwa sababu ya saketi. Anauza kwa sababu ya kibali cha kufanya kazi kinachofuata masomo. Kwa miaka mingi, aliyehitimu kozi ya miaka miwili katika chuo cha umma aliweza kupewa kibali cha miaka mitatu, na humo ndimo familia ilimotarajia kurejeshewa fedha zake. Stashahada ilikuwa tiketi tu, safari yenyewe ilikuwa ajira.

Tiketi hiyo imebadilishiwa masharti, na mawakala wengi hawana haraka ya kuwaeleza wateja wao.

Mnamo Januari 2024 serikali ya Kanada ilitangaza kikomo cha vibali vya masomo, ikakadiria kuwa ingetoa takriban 360,000 mwaka huo, upungufu wa asilimia 35 ukilinganishwa na 2023. Tangu wakati huo mwombaji wa stashahada anahitaji pia barua ya uthibitisho kutoka kwa mkoa anaokwenda kusomea. Kwa mwaka wa 2026 idadi iliyolengwa ya wanafunzi wapya wa kigeni ilishushwa hadi 155,000, nao ni wa kutoka duniani kote.

Badiliko linalomgusa zaidi fundi sanifu lilikuja baadaye. Anayeomba kibali cha masomo kuanzia Novemba 1, 2024 kwa kozi ya stashahada hawezi kupata kile kibali cha kufanya kazi ila kozi yake iwe katika orodha ya taaluma ambazo Kanada inasema ina uhaba wa wafanyakazi. Orodha hiyo haifuati majina matamu yaliyo kwenye vijitabu vya vyuo. Inafuata nambari ya tarakimu sita ambayo kila kozi imepewa. Kozi mbili zinaweza kuitwa za tarakilishi, moja ikawa ndani ya orodha na nyingine nje. Isitoshe, orodha yenyewe haitulii: Juni 2025 taaluma 119 ziliongezwa na 178 zikaondolewa, kisha majuma machache baadaye zilizoondolewa zikarejeshwa kwa muda. Mzazi asiyeuliza nambari ya kozi ananunua mbuzi ndani ya gunia.

Kuna mtego mwingine. Chuo cha kibinafsi kinaweza kufundisha mtaala wa chuo cha umma na kutoa cheti chenye jina la chuo hicho cha umma. Wanafunzi walioanza masomo katika mipango ya aina hiyo kuanzia Mei 15, 2024 hawapati kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu. Cheti ni kilekile na karo ni ileile, lakini mlango umefungwa.

Sasa tugeukie hesabu, maana hapa ndipo ndoto nyingi huzama. Karo ya mwanafunzi wa kigeni katika chuo cha Ontario huweza kufika dola 16,000 za Kanada kwa mwaka, vingine vikitoza pungufu na vingine zaidi. Hizo ni takriban shilingi milioni 1.5. Kando na karo na nauli, tangu Septemba 1, 2025 mwombaji asiye na wategemezi hutakiwa kuthibitisha kuwa ana dola 22,895 za kujikimu kwa mwaka mmoja, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Kabla ya 2024 kiasi hicho kilikuwa dola 10,000. Linganisha na hapa nyumbani, ambapo serikali ilipoleta mfumo mpya wa ufadhili mwaka wa 2023 iliweka karo ya vyuo vya kiufundi kuwa Sh67,189 kwa mwaka. Karo ya mwaka mmoja ya Ontario ingemlipia mwanafunzi katika chuo cha Eldoret, Kisumu au Nyeri kwa zaidi ya miaka 20.

Wakala atajibu kwamba mtoto atafanya kazi huku akisoma. Ni kweli, anaruhusiwa saa 24 kwa juma nje ya chuo wakati wa muhula. Tangu Oktoba 2025 ujira wa chini kabisa Ontario ni dola 17.60 kwa saa, hivyo anayepata saa zote hizo atapokea dola 422 kwa juma kabla ya ushuru. Kodi ya chumba, chakula na nauli ya basi zitazimeza nyingi ya fedha hizo. Karo ya mwaka wa pili itarudi pale pale kwa baba, na kwa Sacco iliyomkopesha.

Suala la lugha nalo lina kichekesho chake. Mkenya aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hudaiwa matokeo ya mtihani wa lugha hiyo anapoomba kibali cha kufanya kazi, na matokeo hayo yasiwe yamepitisha miaka miwili. Mtihani alioufanya kabla ya kusafiri utakuwa umechacha atakapohitimu, kwa hivyo itambidi alipe na kuketi tena.

Je, mlango wa ajira ukifungwa na kijana arejee, cheti chake kina uzito gani hapa? Swali hili lingepaswa kuwa la kwanza, ila aghalabu huulizwa mwisho. Katika mfumo wetu wa kitaifa wa kufuzu stashahada iko kiwango cha sita, na shahada ya kwanza iko cha saba. Aliyesoma ng'ambo huhitaji cheti chake kitambuliwe na kulinganishwa na vya hapa, kazi ambayo mamlaka ya KNQA ilipewa na sheria ya 2014. Akitaka kutambuliwa kama fundi sanifu wa uhandisi, bodi inayohusika ni KETRB, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016. Hawezi kujiita mhandisi, kwani cheo hicho kina bodi yake na huanzia kwenye shahada. Hata huko Ontario wanatofautisha: stashahada ya miaka miwili humtoa fundi sanifu, na ile ya miaka mitatu humtoa mwanateknolojia. Mzazi aliyeahidiwa injinia na akarudishiwa fundi sanifu hajaibiwa na chuo. Amepotoshwa na aliyemtafsiria.

Kuhusu hao watafsiri, sheria ya Kanada i wazi. Nje ya mawakili, ni washauri wenye leseni pekee wanaoruhusiwa kutoza ada kwa ushauri wa uhamiaji wa nchi hiyo, na majina yao yako katika sajili ambayo yeyote aweza kuitazama. Wangapi kati ya wale wanaokodi kumbi za hoteli jijini Nairobi wangekubali kuonyesha nambari ya leseni? Yafaa serikali yetu iwadai jambo hilo kabla hawajapokea shilingi ya kwanza.

Wala ofisi ya umma si kinga. Mnamo Agosti 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa masomo ya Finland na Kanada. Waliokuwa wakuu wa kaunti hiyo walifikishwa mahakamani mwaka huohuo kuhusiana na zaidi ya shilingi bilioni moja. Miongoni mwa walioandamana walikuwamo watu waliouza ng'ombe na ardhi, wakiamini kwamba nembo ya kaunti ilitosha kuwa dhamana.

Kwa mzazi ambaye bado ameazimia, mambo ya kudai kwa maandishi ni machache: nambari ya kozi na iwapo imo katika orodha siku ya kuwasilisha ombi, jina la chuo kitakachofundisha darasani wala si kitakachotia muhuri, na kanuni ya kurejesha karo viza ikikataliwa. Ada ya kibali, dola 150, na ile ya alama za vidole, dola 85, hazirudi ombi likikataliwa. Za wakala mara nyingi hazirudi pia.

Waliokwisha kuwapeleka watoto wasihangaishwe na uvumi. Aliyewasilisha ombi la kibali cha masomo kabla ya Novemba 1, 2024 hafungwi na sharti la orodha ya taaluma. Linalomhusu ni lile la mtihani wa lugha, naye ni heri ajisajili kuufanya katika muhula wake wa mwisho.