Mkaa wa Mpanda Uanze Kuokolewa Jikoni

Kaya nyingi za Mpanda, mkoani Katavi, bado zinaishi kwa mkaa wa miombo. Mti umeshapoteza sehemu kubwa ya nishati yake kwenye tanuri la udongo kabla gunia halijafika sokoni. Kinachobaki tunakichoma kwenye jiko la bati tupu, joto likitokea ubavuni badala ya kuingia sufuriani.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni jema, lakini mama anayenunua mkaa wa kopo kila jioni hana fedha ya kulipia mtungi wa gesi kwa mkupuo. Halmashauri za Katavi zianze na huyu. Sehemu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iende kwa vikundi vya mafundi wa majiko banifu, yale yenye kikombe cha udongo kinachotunza joto.

Nyumbani nako, maharage yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na makaa yanayobaki yazimwe, yatumike kesho. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaotembelea kaya, wanaweza kuyafundisha hayo kuanzia wiki hii.