Zawadi ya Mama na Pembe ya Shamba

Ndugu Mkulima,

Mwezi wa Aprili watoto wako nyumbani kwa likizo. Likizo ikiisha, Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei haiko mbali, nayo ni Siku ya Mama katika makanisa mengi. Wakati huo mtoto humjia babake akasema, "Baba, nipe pesa nimnunulie mama zawadi." Baba akiwa nazo hutoa, na mtoto huenda dukani akanunua kikombe cha rangi au kitambaa. Baba akiwa hana, mtoto hunyamaza, na siku hupita hivi hivi.

Maoni yangu ni haya. Zawadi ya namna hiyo ni ya baba, imepita mkononi mwa mtoto tu. Zawadi ya mtoto ni ile aliyoitengeneza mwenyewe. Na katika mashamba yetu ya skimu, vitu vya kuitengenezea vyaweza kupatikana bila senti moja, ikiwa sisi wazee hatujaving'oa. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kosa langu

Upande wa chini wa shamba langu ulikuwa na safu ya mkonge. Aliyeupanda ni mama watoto. Miche aliitoa kwao akaileta katika kikapu, na kutoka safu ile alipata kamba za kufungia ndama na nyuzi za kusukia viondo. Siku moja nilitazama nikaona mkonge ule wala nafasi ya mistari miwili ya mahindi. Niliung'oa wote, wala sikumwuliza.

Mistari ile miwili haijanipa gunia moja zima tangu siku hiyo, maana mvua iliponyesha udongo wa ukingoni ulianza kuteremka mtoni.

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Aprili, binti yangu wa gredi ya sita alitaka kumsukia mamake kiondo. Nyanyake alikuwa amekwisha mfundisha kuanza kitako. Akanijia akauliza, "Baba, mkonge wetu uko wapi?" Sikuwa na jibu. Mtoto akatafuta magunia matupu, akayafua, akayafumua uzi mmoja mmoja, akasuka kikapu kidogo cha kuwekea mayai. Jumapili ile alimpa mamake. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, akasema, "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Ungalikuwa na mkonge wangu, kingalidumu hata wewe uolewe." Alisema hayo bila kunitazama, nami nilijua maneno yale yalikuwa yangu.

Kwa nini mama

Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka wa 1962, jamaa zipatazo 35,000 zilipata mashamba katika miaka iliyofuata. Mara nyingi jina lililoandikwa katika karatasi lilikuwa la baba. Lakini nani huamka kabla ya jogoo kukamua? Nani huteka maji, huokota kuni, hupalilia, huchuma pareto, hupika, kisha hulala wa mwisho? Wengi wetu tuliolelewa katika skimu hizi twajua kwamba mkopo wa shamba ulilipwa kwa mgongo wa mama.

Kwa hivyo yafaa zawadi ya mtoto iwe kitu cha kumpunguzia mama uzito wa kazi. Maua hunyauka. Lakini mama akikalia kila asubuhi kigoda alichotengenezewa na mwanawe, hiyo ni shukrani ya kila siku.

Siku yenyewe ilianzia Marekani. Bibi Anna Jarvis alifanyiza ibada ya kumkumbuka mamake mwaka wa 1908, na mwaka wa 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza kwa nchi nzima. Baadaye bibi huyo alikasirika sana alipoona wenye maduka wameigeuza kuwa siku ya kuuza kadi na maua, akashindana nao miaka mingi. Nadhani angependa kuona mtoto wa mkulima akichonga mwiko.

Vitu ambavyo mtoto aweza kutengeneza

Mtoto wa miaka sita au saba aweza kutengeneza ngata. Achukue magome makavu ya mgomba, ayalainishe kwa maji kidogo, ayazungushe mpaka yawe duara nene, kisha ayafunge kwa ukanda wa gome hilo hilo. Mama anayetwika ndoo kichwani hataumia utosi. Na mahali ambapo akina mama hubeba mzigo mgongoni kwa ukanda wa kipajini, mtoto amshonee kitambaa kinene cha kuweka chini ya ukanda. Ukanda mtupu hukata ngozi, na akina mama wengi wana alama yake kipajini hata leo.

Watoto wa pwani, kama wale wa skimu ya Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, wana mnazi. Chelewa za majani yake hufungwa pamoja zikawa ufagio. Kifuu kikisuguliwa kwa msasa mpaka kilainike, kikatobolewa matundu mawili na kupitishwa mpini wa mti, tayari ni upawa wa kuchotea mchuzi. Nao miyaa hutoa ukili, na ukili mfupi ukishonwa hutoa kipepeo cha kupepea moto.

Watoto wa Kinangop na Ol Kalou wanajua baridi. Mama anayekamua alfajiri wakati umande umeganda juu ya nyasi atafurahi kupata skafu ya sufu. Kondoo wako hapo hapo. Sufu ioshwe, ichambuliwe, isokotwe iwe uzi. Sindano za kufumia si lazima zinunuliwe. Spoku mbili za baiskeli kuukuu, zikinyooshwa na kusuguliwa ncha, zafaa kabisa.

Mtoto wa miaka tisa au kumi aweza kuchonga mwiko. Baba amchagulie mti, maana si kila mti ni wa kuingia katika chungu. Asitumie mti wenye utomvu mweupe, kama mtupa, ambao utomvu wake hudhuru macho. Wala asitumie kipande cha nguzo ya ua iliyotiwa dawa ya mchwa.

Mvulana au msichana wa miaka kumi na miwili aweza kutengeneza kigoda cha kukamulia. Atafute kipande cha gogo kikavu chenye unene wa inchi tatu, na vijiti vitatu vigumu vya miguu. Atoboe matundu matatu yanayolala kidogo kuelekea nje, kisha agongomee miguu. Iwe mitatu, isiwe minne. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata mahali penye mabonde, na zizi halina sakafu iliyo sawa.

Na watoto wote wa nyumba moja wakishirikiana, waweza kumtengenezea mama kikapu cha joto, ambacho walimu wa kilimo cha nyumbani wamekifundisha katika wilaya nyingi. Huchukuliwa kikapu kikubwa au sanduku la mbao. Ndani hushindiliwa majani makavu ya migomba, nyasi kavu au vitambaa vikuukuu, unene wa kiganja kila upande, na katikati huachwa nafasi ya sufuria. Juu huwekwa mto mnene uliojazwa vitu hivyo hivyo. Mama huchemsha mchele vizuri motoni, akaifunika sufuria, akaiweka ndani ya kikapu na kukifunga. Mchele humalizika kuiva bila kuni nyingine. Maharagwe nayo yaweza kuivishwa hivyo, lakini ni lazima yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu motoni kwa muda mrefu kwanza. Mzigo mmoja wa kuni utakaookolewa ni safari moja ambayo mama hataifanya.

Mkonge, nao, una desturi yake. Mtoto asikate jani kabla ya mtu mzima kuondoa mwiba wa nchani. Huchaguliwa majani ya chini yaliyokomaa, yakaparuzwa juu ya ubao kwa kisu butu mpaka nyama yote itoke. Nyuzi huoshwa na kuanikwa juani, kisha husokotwa pajani. Maji ya jani huwasha, basi mtoto asijishike macho, na baadaye anawe kwa sabuni.

Majibu kwa wanaopinga

Najua kuna wazee watakaosema, "Watoto waende wakasome, mambo ya kusuka ni ya zamani." Nami nawajibu kwamba shule yenyewe yataka mikono. Mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka wa 2019 huwataka watoto watengeneze vitu, na wazazi wengi hulalamika kwa sababu ya vifaa wanavyotumwa kununua madukani. Mtoto anayejua kusokota uzi na kuchonga mti amekwisha pata nusu ya vifaa hivyo nyumbani.

Wengine watasema kusuka ni kazi ya wasichana. Ng'ombe hamwulizi anayemfunga kama kamba ilisokotwa na mvulana au msichana. Na mvulana aliyekaa siku tatu akimchongea mamake mwiko, akapata malengelenge mkononi, hatakuwa mtu wa kusema kwamba kazi ya jikoni ni bure.

Lakini neno zito ni la yule asemaye, "Shamba langu ni dogo. Kila hatua ni pesa." Neno hili ni la kweli, na mimi mwenyewe nililitumia. Mashamba yaliyokuwa ekari kumi na tano sasa yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na mengine hayafiki ekari mbili. Hata hivyo, mkonge hauhitaji mahali pazuri. Hupandwa mpakani au katika mteremko ambao jembe halipendi, na mizizi yake hushika udongo. Matete hukaa kandokando ya mto, ambapo sheria yenyewe yatukataza kulima hadi majini. Migomba miwili nyuma ya jikoni hunywa maji ya kuoshea vyombo. Pembe ninayoiomba ni ile ambayo mahindi hayaipendi.

Tena kuna faida. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, watu wamehitaji kitu kingine cha kwendea sokoni. Mtoto aliyejifunza kiondo kwa ajili ya mamake aweza kesho kusuka cha kuuza. Lakini tusianze na kuuza. Aanze na cha mamake.

Baba afanye nini

Kwanza, asitoe pesa. Atoe nafasi. Mtoto aachiwe saa chache za likizo ambazo hatatumwa kulisha ng'ombe wala kupalilia.

Pili, atoe vifaa. Panga lisilo kali sana, nyundo, ubao uliobaki wakati wa kujenga zizi. Wazee wengine huficha kila kipande cha mbao, kisha hushangaa mtoto wao hajui kupiga msumari.

Tatu, asicheke. Mguu mmoja wa kigoda ukiwa mfupi, amwonyeshe mtoto jinsi ya kupunguza ile mingine. Asimnyang'anye akakitengeneza yeye, maana hapo zawadi itakuwa ya baba tena.

Nne, kabla ya kung'oa mti wowote, safu yoyote, au kichaka chochote kilicho karibu na nyumba, amwulize mama watoto kina kazi gani. Huenda kile ambacho yeye akiona gugu ni ghala la mama.

Nami sasa nimelipa deni langu kwa sehemu. Mvua za mwaka huu zilipoanza nilikwenda kwa jirani nikaomba miche ya mkonge, nikapanda mpakani, hatua moja moja, mahali pale pale palipokuwa na ule wa kwanza. Mama watoto alikuja akasimama akanitazama, akasema, "Huo wa mwisho umeuinamisha." Nikaunyosha.

Mkonge huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa jani la kwanza. Binti yangu wakati huo atakuwa shule ya sekondari, na labda hatakuwa na wakati wa kusuka. Lakini mdogo wake sasa yuko gredi ya pili, naye amekwisha niuliza jani la kwanza litakuwa la nani. Nimemwambia ni la mamake.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ndugu Mkulima, moyo mtoto wako anao tayari. Mwachie pembe ya shamba.

Mkulima Mwenzenu