Olkaria si Sufuria ya Mvuke

Mwambie Mkenya aliyesoma achore volkano. Atachora pembetatu yenye shimo kileleni na moshi juu yake. Ndivyo tulivyokaririshwa, na ndiyo maana wengi wetu huendesha baiskeli huko Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, tukipiga picha za pundamilia huku tumezungukwa na volkano tusizozitambua.

Vile vilima vyenye mabega mazito ni makuba ya lava. Lava yenye silika kidogo hutiririka kama uji. Ya Olkaria ina silika nyingi. Ni nzito kama ugali. Ilipotoka ardhini haikwenda mbali, ikarundikana juu ya tundu lake na kuganda. Palipopoa upesi pakabaki obsidiani, kile kioo cheusi ambacho watu wa kale wa Bonde la Ufa walitengenezea visu. Wala si mambo ya kale yote: lava ya Ololbutot ilimwagika karne mbili tatu tu zilizopita. Kwa mlima, hiyo ni jana.

Lakini Olkaria ikitajwa kwenye habari, utasikia megawati tu. Sipingi umeme wa jotoardhi. Mitambo inazunguka tangu 1981, na leo hutupa sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Ninachopinga ni mazoea ya kuiona Olkaria kama sufuria: tunataka mvuke, chombo chenyewe hakituhusu. Olkaria ina wenyewe. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia.

Wapo watakaosema jiolojia na haki ya ardhi ni mada mbili. Hapa ni moja. Moto uliojenga makuba ndio unaochemsha maji tunayoyachimba, na wanaochunga mifugo juu yake ndio wanaoambiwa wasogee. Utajadilianaje na mhandisi juu ya kitu ambacho hukufundishwa hata jina lake?

Basi makuba yaingie kwenye vitabu vya jiografia, na yaelezwe kwa Kiswahili na Kimaasai pale pale yalipo. Tusisingizie lugha. Kuba tunaliona juu ya misikiti mingi, neno tunalo. Tumekosa nia.